Binti wa Mkwangua Utumbo

Karachi, 6 Septemba 1986

Abbaji mpenzi,

Asalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kitanda chako cha kamba pale uani, chai mkononi, kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima, ila nywele zangu zimekataa hewa ya huku, zinanata tangu asubuhi. Viganja vyako vinaendeleaje? Ile mipasuko unaipaka samli kama tulivyokubaliana, au bado unaiita mapambo ya kazi? Na Shangazi Hajra, magoti yanamruhusu kupanda paani kuanika pilipili zake?

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nilifika salama. Treni ilijikokota, na yale madonge ya ufuta na samli aliyonifungia Shangazi yaliliwa na kina mama watatu wa Multan kabla hatujafika Rohri. Mimi niliwakaribisha kwa adabu tu, nao wakaichukulia adabu yangu kwa uzito. Bwenini nimepewa chumba kimoja na Sabeen, binti wa jaji wa Hyderabad. Analala redio ikiimba.

Sasa kazi. Profesa Wasti, mkubwa wetu wa maabara, anataka kujua kwa nini watoto wa mitaa yenye maji machafu wanaharisha hadi kufa, na wenzao wanaokunywa maji yale yale wanacheza barabarani. Yeye anaamini jibu liko kwenye ute. Anasema utumbo kwa ndani umefunikwa ute mwanzo hadi mwisho, na ute huo ndio unaozuia vijidudu visifike kwenye nyama. Basi mimi nimepewa kazi ya kuuonyesha. Nachukua kipande cha utumbo wa kondoo, nakikata chembamba kuliko karatasi ya sigara, nakitia rangi, nakiangalia kwa hadubini. Wiki ya tatu sasa. Naona nyama tupu, imechanika pembeni. Ute hakuna.

Usicheke. Nakujua, umeshaanza.

Binti yako,
Zarqa


Sialkot, 17 Septemba 1986

Zarqa, taa ya nyumba hii,

Waalaikum salaam. Mimi sijambo, kikohozi kimehamia kwa jirani. Viganja vimepakwa samli na Shangazi yako kwa nguvu, baada ya kuona barua yako. Magoti yake ni mabaya anapoambiwa afagie na mazuri anapoitwa harusini. Anakusalimu, na anasema ungewapa wale kina mama wa Multan donge moja moja, siyo mfuko mzima.

Nimecheka. Nimecheka mpaka Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimekabwa. Miaka arobaini na miwili napigana na ute, na baba yangu alipigana nao kabla yangu, halafu serikali inamchukua binti yangu mpaka Karachi akautafute kwa kioo!

Mwanangu, ute upo. Tumbukiza mkono kwenye karai langu la matumbo uone kama utaweza kushika hata kitasa cha mlango. Tena uko wa namna mbili, na hilo nadhani vitabu vyenu havijalisema kwa sababu walioviandika hawajawahi kukwangua. Wa juu ni mlegevu, unatoka kwa kidole kama utando wa maziwa. Wa chini umeng'ang'ania utumbo. Huo kidole hakiuwezi, unataka mwanzi wa kukwangulia, tena mwanzi uliolazwa, maana ukiusimamisha umetoboa. Wewe unajua. Ulishika mwanzi una miaka saba na mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko wa Allah Ditta, ambaye amekuwa fundi wangu miaka ishirini, ana wajukuu wawili, na bado anatoboa.

Na nikuambie jambo lingine la kumpelekea Profesa wako. Idi hii ya kuchinja walileta kondoo kutoka Bhakkar, siku nne ndani ya lori bila jani. Nilipofungua matumbo yao, ute ulikuwa mwepesi kama jasho na utumbo una madoa mekundu. Nyuzi zote za raketi tulizosokota kwa matumbo ya kondoo wale zilikatika tulipozivuta. Mnyama akikaa na njaa, ute unapungua. Ute ukipungua, utumbo unaanza kuliwa. Hili halihitaji hadubini, linahitaji kuamka kabla ya adhana ya alfajiri.

Nimepata hamu ya kuja kuiona hiyo maabara. Mwezi wa pili, baridi ikikaza, Allah Ditta anaweza kushika karai wiki moja. Nitachungulia kwenye hicho kioo, nitamsalimu Profesa, nitarudi. Huko unawaambia nini kuhusu baba yako? Waambie raketi zilizofungwa nyuzi za Khair Din zilishinda Lahore kabla nailoni haijajulikana.

Abbaji wako


Karachi, 9 Novemba 1986

Abbaji mpenzi,

Asalaam alaikum. Najua nimekaa kimya mno na kwamba Shangazi ameshaniwekea kinyongo. Mwambie niko hai na ninakula, ingawa dengu za bweni hazina chumvi wala huruma. Ukungu umeshaanza huko? Umetoa lile blanketi zito sandukuni? Tafadhali usikwangue bila soksi miguuni kama mwaka jana.

Kazi haiendi vizuri. Nimekata vipande zaidi ya mia mbili. Nabadilisha rangi, nabadilisha kisu, nabadilisha kondoo. Hakuna. Mara moja moja naona kijitambaa cheusi kimejikunja pembeni kama uchafu, basi. Profesa ni mpole lakini mbele ya kamati ya chuo hana la kusema. Kamati itakaa tarehe 20 Machi. Nisipokuwa na ute wa kuwaonyesha siku hiyo, utafiti unafungwa, na mimi nahamishiwa chumba cha kuhesabu damu, ambako hakuna shahada, ni kuhesabu tu.

Sielewi kosa langu liko wapi. Hakuna mtu hapa anayesafisha vizuri kama mimi. Wenzangu wanaosha utumbo mara moja. Mimi naupasua, nautoa uchafu wote, nauosha kwa maji ya chumvi mara tatu mpaka unang'aa, ndipo nautia dawa ya kuukausha. Hata mhudumu wa maabara amenisifu.

Kuhusu kuja mwezi wa pili, Abbaji, naona tungoje kidogo. Bweni halipokei wageni wanaume, hata baba. Profesa naye atakuwa na mitihani. Na safari ni ndefu kwa kifua chako. Labda kiangazi.

Binti yako,
Zarqa


Sialkot, 3 Desemba 1986

Zarqa,

Waalaikum salaam. Sisi huku wazima. Ukungu umetanda, blanketi limetoka, soksi nimevaa. Shangazi yako anakusalimu lakini hajui ninachokuandikia leo.

Wiki iliyopita nilipata barua ya kupigwa mashine, ina muhuri wa chuo chenu. Nikadhani umeugua. Nikaifungua mbele ya mafundi wote, maana mikono ilikuwa na ute na ilibidi Allah Ditta anishikie karatasi. Nikaisoma kwa sauti. Nakunakilia:

"Kwa Mheshimiwa Khair Din Sahib, mwenye kiwanda na msafirishaji mashuhuri wa vifaa vya michezo. Binti yako, ambaye ni fahari ya idara yetu, ametueleza kuhusu biashara yako ya nje. Timu ya wasichana ya mpira wa vinyoya ina upungufu wa raketi sita. Tungeshukuru kwa ukarimu wako." Imetiwa saini na Sabeen, katibu wa michezo.

Mafundi walicheka. Allah Ditta aliniita Msafirishaji Sahib siku nzima, akaniuliza meli zangu zimefika wapi. Mimi sikucheka, Zarqa.

Mwenye kiwanda! Nina makarai manne, mafundi watatu na uzio wa kuanikia nyuzi. Nimesafirisha nini nje mimi? Kitu pekee nilichokisafirisha mbali ni wewe.

Sasa nisikilize. Binti yangu hataitwa mwongo mbele ya watu kwa sababu yangu. Nimekwenda kwa Ghulam Rasul seremala, nimechukua fremu sita za mti wa mforosadi, za daraja lile la kupeleka nje kweli. Nyuzi nimezifunga mwenyewe, kutoka kwa kondoo wa malisho ya Narowal, wanene, walioshiba, nyuzi zisizo na fundo hata moja. Zitafika kwa treni ya mizigo. Hakuna timu Karachi yote itakayokuwa na raketi kama hizo. Heshima yako nimeilinda. Yangu uilinde mwenyewe.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara nyingi. Nimeelewa kwa nini kiangazi ni bora kuliko mwezi wa pili. Pia nimeelewa ute wako uko wapi. Niliposoma pale unapoosha mara tatu, niligonga meza mpaka chai ikamwagika. Najua ulipo, najua unavyoondoka, na najua namna ya kuushika usiondoke. Lakini siwezi kumwambia binti wa msafirishaji, kwa sababu msafirishaji hajui mambo hayo. Anayejua ni mkwangua utumbo. Siku binti yake atakaposimama mbele ya watu wake wa huko akamtaja, aniandikie aniulize. Nitamjibu siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo kalamu yangu imepumzika.

Abbaji wako


Karachi, 28 Desemba 1986

Abbaji,

Asalaam alaikum. Natumai wote ni wazima.

Raketi zimefika, zote sita, bila mkwaruzo. Wasichana wanazigombania. Sabeen anasema mpira unalia tofauti kwenye nyuzi zako. Asante.

Mengine nayasema mara moja tu. Sikuwaambia wewe ni msafirishaji. Nilisema natoka Sialkot na kwamba baba anatengeneza nyuzi za raketi. Sabeen akasema, "Ah, wasafirishaji!" kwa sababu kwao kila mtu wa Sialkot ana kiwanda. Sikumsahihisha. Siku ya pili ikawa vigumu, ya tatu ikawa haiwezekani. Najua hilo nalo ni uongo.

Lakini wewe hukuwahi kukaa kwenye dawati langu. Darasa la tatu, Mwalimu Kaniz alilihamishia dirishani, majira yote manne, ili upepo upite. Wasichana walikuwa wakishika pua nikipita, halafu wanaachia wakicheka. Nilikuwa naoga kabla ya shule na baada ya shule. Shangazi alinipaka marashi ya waridi kichwani kila asubuhi, na wakaanza kusema nanuka waridi lililofia kwenye utumbo. Sikukuambia kwa sababu ungekuja shuleni na mikono yako ile, na nilikuwa naogopa zaidi uje kuliko usije. Nilipopanda treni ya Karachi niliapa hapa hakuna atakayefungua dirisha kwa sababu yangu.

Ute nitautafuta mwenyewe. Baba yangu ana kiburi, na mimi ni binti yake.

Zarqa


Karachi, 23 Februari 1987

Abbaji mpenzi,

Asalaam alaikum. Karibu wiki kumi na mbili bila mwandiko wako. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na hamu ya bahasha. Kikohozi chako je? Baridi ya mwaka huu wanasema iliua mbuzi Gujrat. Soksi unavaa? Shangazi aliniandikia kupitia binti wa Ghulam Rasul, mistari mitatu, miwili ya kunigombeza na mmoja wa kusema unakula vizuri. Mstari ule nimeusoma kila siku.

Nimesema, Abbaji. Nakueleza ilivyokuwa.

Leo, saa ya chai, tulikuwa maabara sote, Profesa Wasti ameshika kikombe, wenzangu sita, mhudumu. Sabeen alikuja na raketi yake amekasirika. Uzi mmoja umekatika, amekwenda madukani Saddar, na hakuna aliyeweza kuubadilisha. Kila fundi anamwambia hajawahi kuona nailoni ya namna hii. Akaniuliza, "Zarqa, baba yako anaagiza wapi hizi nyuzi? Japani?"

Nikatazama ule uzi uliokatika. Ncha yake ilikuwa imefumuka, na nikaona misokoto yako. Wewe unasokota kuelekea kushoto kwa sababu ya kile kidole kilichovunjika. Nikasema, "Haagizi. Ni utumbo wa kondoo. Anauchukua machinjioni alfajiri ukiwa bado moto, anaukwangua kwa mkono, anausokota mwenyewe. Baba yangu hana kiwanda wala hasafirishi kitu. Ni mkwangua utumbo, na baba yake alikuwa mkwangua utumbo, na mimi nimekwangua tangu nina miaka saba."

Sabeen alikuwa ameshautia uzi mdomoni, alikuwa anataka kuukata kwa meno. Akautoa polepole. Mimi nikasubiri mtu asogee dirishani.

Profesa ndiye aliyesogea. Aliweka kikombe chini, akavuta kiti mpaka mbele yangu, akakaa. "Anakwangua nini hasa kwenye utumbo?"

"Ute, bwana."

"Kwa miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"Na wewe umekaa hapa miezi sita kimya?" Alipiga paja lake kwa nguvu. "Miezi sita! Mimi naandikia watu Uingereza kuwauliza habari za ute, na mwenye habari yuko Sialkot anasokota raketi zetu! Mwandikie, binti. Mwandikie leo. La, ngoja, nakupa karatasi."

Hii ndiyo karatasi yake, ndiyo maana ina jina la idara juu. Na Sabeen, ukitaka kujua, jioni hii aliniuliza jambo moja tu, kama kweli uzi ule aliushika mdomoni ukiwa safi. Nikamwambia ni msafi kuliko dengu za bweni. Amecheka mpaka amezima redio.

Nimebakiza siku ishirini na tano. Nakuuliza sasa, mimi binti wa Khair Din, mkwangua utumbo wa Sialkot. Ute ninaupotezea wapi, na nitaushikaje?

Binti yako,
Zarqa


Sialkot, 27 Februari 1987

Zarqa, taa ya nyumba hii, taa ya karai langu,

Waalaikum salaam na rehema na baraka zote. Barua imefika saa nne asubuhi, saa sita nakujibu, na Allah Ditta amesimama mlangoni na baiskeli aipeleke posta ya haraka. Sisi wazima. Nimelia kidogo, Shangazi yako amelia sana, na mafundi wamepewa chai ya maziwa matupu. Yaliyobaki baadaye. Kazi kwanza.

Unaupotezea kwenye maji. Ute mzima ni maji yaliyosimama. Ukiumwagia maji mengine unainuka na kuondoka nayo. Mimi nikitaka kuuondoa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kupasua na kuosha! Wewe unafanya kazi yangu, tena unaifanya vizuri, halafu unashangaa umebaki na utumbo wa kutengenezea raketi. Hicho kijitambaa unachokiona pembeni ndicho kilichobaki baada ya bidii yako. Wenzako walioosha mara moja wamekuzidi kwa uvivu wao.

Na kosa si lako. Nilikufundisha kuosha kabla sijakufundisha kusoma.

Sasa fanya hivi. Usipasue. Usioshe hata tone. Mavi yaache ndani, hayo ndiyo yanayoukandamiza ute mahali pake. Funga kwa uzi ncha mbili, katikati urefu wa vidole viwili, kaza, ndipo ukate nje ya mafundo. Tumbukiza kipande kizima ndani ya spiriti kali iliyotiwa siki kidogo, siyo kwenye hiyo dawa yenu iliyochanganywa na maji. Haya sikuyasoma mahali. Mwaka wa mafuriko Allah Ditta aliangusha kipande kilichofungwa ndani ya debe la spiriti ninayochanganyia vanishi. Tulikipata baada ya siku tatu, kigumu kama kifutio. Nilipokikata pete kwa wembe, ute ulikuwa umesimama kuzunguka pande zote, mweupe, tabaka mbili, kama nilivyokuandikia. Nilikihifadhi miaka kadhaa kuwaonyesha wanaoanza kazi, mpaka paka alipokichukua.

Nenda machinjioni mwenyewe, usitume mhudumu. Chagua kondoo aliyeshiba. Weka kiganja juu ya utumbo. Kama si moto, ni wa jana, usidanganyike. Wachinjaji watakutania. Waambie wewe ni nani. Wakwanguaji wa Karachi wengi walijifunza kwa watu wa kwetu, jina halitapotea.

Kuhusu dawati la dirishani. Sikujua. Nilikuwa nakuona unaoga sana, nikajisifu kwa majirani kwamba binti yangu ni msafi. Unasema uliogopa nije. Ningekuja, ni kweli, na mikono hii hii, na ningemuuliza Mwalimu Kaniz viatu vyake na ngoma ya harusi yake vilitoka kwa nani kama si kwa watu wanaonuka. Labda ingekuharibia zaidi. Lakini nimeumia kwamba mtoto wa miaka minane alibeba hilo peke yake, na baba yake yuko mtaa wa pili anakwangua. Nisamehe. Na mimi kukufungia kalamu wiki kumi na mbili nilikosea pia, ingawa kuhusu hilo la pili naomba msamaha mdogo tu.

Kimbia machinjioni.

Abbaji wako


Karachi, 29 Machi 1987

Abbaji mpenzi,

Asalaam alaikum, na leo sikuulizi kuhusu soksi. Kaa chini kwanza. Mwite Shangazi. Mwite Allah Ditta, kwa sababu naye ana sehemu yake.

Nilikwenda machinjioni siku nne mfululizo. Siku ya kwanza walinipa wa jana. Niliweka kiganja nikawarudishia, nikasema, "Huu mwekee mkweo." Mzee mmoja akauliza natoka wapi. Nikataja jina lako. Akasema alisokota nyuzi mtaa wa nyuma yenu kabla ya vita na India vya mwaka sitini na tano, na kwamba wewe ulikuwa mkali kama pilipili. Tangu siku hiyo niliwekewa wa kwanza, wa moto, bila kuomba.

Nikafunga, nikakata, nikatumbukiza. Siku ya tano nikakata pete, nikatia rangi ya buluu, nikaweka chini ya hadubini. Abbaji, nilipiga kelele. Mhudumu alidhani nimejikata.

Umesimama. Buluu, mnene, pande zote, kama ulivyosema, tabaka mbili. Ule wa juu mlegevu umejaa vijidudu, maelfu, wametapakaa kama watu sokoni siku moja kabla ya Idi. Halafu unafika mpaka, na chini yake ule mgumu, mtupu, hauna hata kimoja. Wamesimama pale, hawapiti. Chini yake nyama iko salama, haijui hata kwamba kuna watu nje. Miezi sita nilikuwa namfuta mlinzi mwenyewe, halafu naandika kwamba nyumba haina mlinzi.

Tulichukua pia kondoo aliyekaa siku tatu bila chakula. Ule wa chini ulikuwa utepe tu, umekatika mahali na mahali, na vijidudu wamefika kwenye nyama. Profesa aliitazama hiyo muda mrefu. Akasema, "Mtoto mwenye njaa," halafu akatoka nje kuvuta sigara. Anasema kondoo si mtoto na tuna kazi ya miaka mingi mbele, lakini sasa tunajua tuangalie wapi.

Tarehe 20 kamati ilikaa, wazee tisa. Waliangalia mmoja mmoja. Mkubwa wao, mwenye miwani minene, akauliza njia hii ya kufunga na kutoosha nimeitoa kitabu gani. Nikasema, "Si kitabu. Nimeitoa kwa baba yangu. Ni mkwangua utumbo." Nilisema kwa sauti, kwa sababu ni mzito wa masikio, akaniambia nirudie, na nikarudia kwa sauti zaidi, nadhani hata walinzi wa getini walisikia. Aliandika. Utafiti unaendelea miaka mitatu.

Kwenye ripoti, ukurasa wa pili, imeandikwa hivi, nimenakili bila kuongeza: "Njia ya kuhifadhi ute iliyotumika hapa ni ya Ustadh Khair Din, mkwangua utumbo, Sialkot." Neno Ustadh aliliweka Profesa. Neno mkwangua nililiweka mimi.

Ndani ya bahasha kuna tiketi ya treni. Tarehe 14 Aprili Profesa amewaita wanafunzi wote wa utabibu, na anataka uwaonyeshe mwenyewe namna ya kukwangua, tabaka la kwanza na la pili. Njoo na mwanzi wako. Utalala nyumbani kwa Profesa, mkewe ameshaanza kuuliza unakula nini. Nitakuwa stesheni ya Cantt tangu asubuhi. Nilikunyima mwezi wa pili, naomba unipe wa nne.

Binti wa mkwangua utumbo,
Zarqa


Sialkot, 6 Aprili 1987

Zarqa, taa yangu,

Waalaikum salaam. Sisi wazima kupita kiasi. Barua yako imesomwa uani mara tatu, mara ya tatu kwa Ghulam Rasul aliyechelewa. Allah Ditta anataka ukurasa wa pili utaje pia aliyeangusha kipande ndani ya debe. Nimemwambia paka naye ataomba.

Nakuja. Nimefunga mianzi miwili ndani ya kitambaa, mmoja wangu na mmoja ule mdogo wako wa miaka saba. Nilikuwa nimeuweka. Utakaa upande wangu wa kulia, nami nitakwangua wa juu, wewe utakwangua wa chini, waone kwamba mkono haukupotea.

Jana Shangazi yako, ambaye hawezi kungoja siku ya safari, aliniandaa kama bwana harusi. Amenifulia shalwari nyeupe, amenikata kucha, amenisugua viganja kwa limau mpaka mipasuko ikalia. Halafu akaleta ile chupa ya marashi ya waridi, ile ile, akanipaka kichwani na kifuani, akasema sasa unaweza kuingia chuoni. Nilikaa nayo kitambo kidogo pale uani. Kisha nikasimama nikaenda bombani nikayaosha yote.

Tarehe 12 napanda treni nikitoka moja kwa moja kwenye karai. Stesheni ile ni kubwa na watu ni wengi, na macho yako umeyachosha kwenye kioo. Usihangaike kunitafuta. Simama tu mahali pamoja. Utanisikia kwa pua kabla hujaniona, na wakigeuka watu, uwaambie ni mimi.

Abbaji wako,
Mkwangua utumbo